Baridi Niliyomficha Bibi

Sisi tuliokulia kwenye maghorofa ya Scarborough, huku Kanada, tukiwa bado wageni hatukuhitaji kalenda kujua kwamba majira ya baridi yamekwisha. Pua ilitutosha. Theluji ilipoanza kuyeyuka, kila kilichokuwa kimefukiwa tangu Krismasi kilijitokeza kikiwa kimeloa: majani yaliyooza, glavu moja moja za watoto, mavi ya mbwa wa watu wasio na haya. Mama zetu walifungua madirisha na kuanika mablanketi nje ingawa mwenye jengo alikataza, na ghorofa zima likanukia maharage na sabuni. Ninyi wa rika langu mnajua ninachosema. Watoto wetu wa leo hujua msimu umebadilika pale simu inapowaambia.

Kwetu sisi kulikuwa na dalili nyingine. Baba alitoa mabuti ya mpira chini ya kitanda na kuyapanga mlangoni kwa ukubwa, ya kwake mwanzo, ya mdogo wangu Bahati mwisho. Ukiyaona yamepangwa, umejua Jumamosi mnakwenda shambani na hakuna wa kulala mpaka saa tatu. Wenzangu darasani walipoulizwa wamefanya nini wikiendi, walisema sinema, walisema mpira wa magongo. Mimi nilisema nimezoa mavi ya kuku. Mwalimu akanisahihisha kwa upole, akidhani Kiingereza changu bado hakijakaa sawa.

Shamba lenyewe lilikuwa nusu eka, huko mbele ya Markham, nyuma ya nyumba ya Mzee Hendrik. Kanisa letu la Wakongo lilikuwa likiazima ukumbi wa kanisa la wazungu, sisi tukiingia mchana wao wakishatoka, na Mzee Hendrik ndiye aliyebaki nyuma kupanga viti. Alikuwa mrefu, mkimya, na vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa kazi. Siku moja Baba alimsaidia kubeba meza, wakazungumza kidogo, na yule mzee akasema ana kipande cha ardhi asichokuwa na nguvu nacho tena, na banda la kuku lenye kuku wanane tu wazee. Kama tunataka, tulime. Baba aliingia nyumbani siku ile akiimba mpaka jirani wa chini akagonga dari.

Ile Jumamosi ya kwanza tulikuta tope. Sijaona tope la namna ile mahali pengine. Ardhi ilikuwa imelowa hadi kwenye kina, ikishika buti na kukataa kuliachia, nawe unabaki umesimama kwa mguu mmoja wenye soksi huku unamwita Baba. Bahati alipoteza buti mara mbili kabla ya saa nne. Mabata bukini walikuwa wakirudi kutoka kusini, wakipita juu yetu kwa mistari wakipiga kelele, na upepo ulikuwa na baridi yake bado ingawa jua liliwaka. Mama aliyekuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee alikuwa na zamu Jumamosi nyingi, lakini siku alizokuja alikuwa na neno lake moja. Ukilalamika umechoka, alikwambia, "Mtazame baba yako." Baba alikuwa ametoka kiwanda cha mikate alfajiri ileile na yuko juu ya paa la banda anapiga misumari. Ungesema nini tena?

Vifaranga walikuja katikati ya mwezi wa nne. Waliletwa kutoka duka la wakulima ndani ya boksi lenye matundu, na boksi lile lilikaa mapajani mwangu garini. Nilihisi miguu yao midogo ikikwaruza karatasi, na joto lao likipenya mpaka kwenye suruali. Bandani tulitandaza maranda, tukawasha taa nyekundu ya joto, tukawachovya midomo majini mmoja mmoja ili wajifunze kunywa. Bahati alimpa kila mmoja jina. Wiki iliyofuata hakuweza kumtambua hata mmoja, akaanza upya. Siku zilivyorefuka, wale kuku wazee nao wakaamka na kutaga kama wasichana, na saa sita mchana Baba alikaanga mayai kwa vitunguu kwenye jiko dogo la gesi, juu ya pipa lililopinduliwa, tukala kwa mikate ya kiwandani kwake na chai ya chupa. Nimekula kwenye mahoteli tangu wakati ule. Sijapata yai lenye ladha ile, na msiniambie ni njaa tu, maana njaa ninayo hata leo.

Sasa nimfikie Bibi, kwa sababu haya yote ninayasimulia kwa ajili yake.

Bibi ni mama yake Baba. Tulipokimbia kutoka kwetu Fizi tukaishi kambini Kigoma, yeye ndiye aliyenilea, maana Mama alikuwa anaumwa na kisha akawa na mimba ya Bahati. Nililala kwenye mkeka mmoja naye mpaka nilipofika miaka sita. Halafu majina yetu yakatoka kwenye orodha ya wakimbizi wa kupelekwa ng'ambo, la kwake likabaki, tukaja Kanada bila yeye. Ilichukua miaka minne kumpata. Alifika mwezi wa kwanza, katikati ya baridi yenyewe, akiwa na koti la kupewa uwanja wa ndege lililomfika kwenye vifundo vya miguu. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Nilimkimbilia nikamkumbatia, na nikashangaa kwamba nimemfikia begani.

Tulimpa kitanda changu, tukalala wote wawili. Lakini Bibi niliyemkumbuka hakuwa yule aliyekuja. Yule wa kambini alikuwa na mdomo, akiwagombeza mbuzi wa watu na watu wenyewe. Huyu alikaa dirishani, ghorofa ya kumi na moja, akitazama maegesho ya magari. Alikula vijiko viwili akasema ameshiba. Lifti ilimtia hofu, kwa hiyo hakushuka. Mwezi wa tatu ulipoanza, nikiwa jikoni naosha vyombo, nilimsikia akimwambia Baba, "Nirudishe."

"Nikurudishe wapi, Mama? Kule kambini kumebaki nani?"

"Kumebaki udongo," Bibi akasema. "Hapa nimewekwa juu kama nguo ya kuanika."

Kisha wakapatana. Baba alimwambia amepata shamba. Yeye Baba ni fundi seremala, jembe kwao lilikuwa la mama yake, basi mambo ya mbegu yatakuwa ya Bibi peke yake. Alime msimu mmoja. Akiona udongo wa huku haumtaki, Baba mwenyewe atamkatia tiketi, hatabishana. Bibi akakubali. Mimi sahani ilikuwa mkononi na maji yanatiririka, nikaapa moyoni kwamba udongo ule utamtaka, upende usipende. Sikuwahi kutaka kitu maishani mwangu kama nilivyotaka Bibi abaki.

Mbegu alikuwa nazo. Zilivyopita uwanja wa ndege sitawaambia. Zilikuwa zimefungwa mafundo manne kwenye pindo la kitenge chake: lenga-lenga, ambayo wengine wanaiita mchicha, maboga, maharage, na bamia kidogo. Siku alipoingia shambani mara ya kwanza alivua mabuti aliyonunuliwa, akasimama peku kwenye lile tope baridi, nasi sote tukapiga kelele tukidhani atapata homa. Hakutusikiliza. Alichota udongo, akaunusa, akausugua kwa kidole gumba. Halafu akamtazama kuku mmoja wa Mzee Hendrik, mnene, aliyekuwa akipita. "Huyu naye anakula nini, mbona kama mke wa shefu wa kijiji?" Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kwa kuwa huyo ndiye Bibi wangu.

Kuanzia hapo alishuka kwa lifti, amefumba macho na kunishika mkono. Vile vifaranga visivyo na mama vilimsikitisha. Aliviita yatima, akavitafutia mama kwa nguvu. Alimchagua kuku mmoja aliyekuwa amenuna na kukataa kutoka kwenye kiota, akamvizia wakati wa jioni na kumwekea vifaranga vitatu chini ya mbawa, na yule kuku akavikubali. Mzee Hendrik alikuja kutazama, akavua kofia. Wawili wale walikuwa wakielewana bila neno. Palipohitajika neno, niliitwa mimi.

Hii kazi ya kutafsiri, nani kati yetu hakuifanya? Tulitafsiri benki, shuleni, kwa mwenye jengo, kwa daktari wa meno. Tulijua maneno kama bima na rufani kabla hatujajua kufunga kamba za viatu vizuri. Mkubwa alikushika bega akakusogeza mbele, na ukawa mdomo wake. Tatizo ni kwamba tulikuwa pia watoto wa nyumba zetu. Kwetu mtoto hamwambii mkubwa "hapana," hata kama hiyo hapana ameiazima kwa mtu mwingine. Neno likishatoka mdomoni mwako ni lako, na kofi lake ni lako.

Mwisho wa mwezi wa nne ikanyesha mvua ya kwanza ya joto. Siku tatu mfululizo jua na mvua, jua na mvua. Kwa Bibi hapo hapakuwa na la kujadili. Tangu aijue dunia, mvua ya kwanza ndiyo ruhusa: ikinyesha unapanda, usipopanda wewe ni mvivu. Jumamosi ile alifungua mafundo, akatoa nusu ya kila mbegu na kufunga nyingine, akapiga matuta sita yaliyonyooka mpaka Bahati akadhani ametumia rula. Baba alikuwa upande wa pili wa banda anatengeneza mlango. Mimi nilimfuata Bibi nyuma nikifukia kwa mguu.

Mzee Hendrik alikuja kwa trekta, akazima, akateremka haraka kuliko nilivyozoea kumwona. Alianza kutikisa kichwa kabla hajafika.

"Mwambie hapana," aliniambia. "Mapema mno. Baridi ya kugandisha itarudi, kila mwaka inarudi. Asubiri mpaka ipite sikukuu ya Malkia, mwezi wa tano huko mwishoni. Mwambie ataua kila kitu."

Bibi alikuwa amepiga magoti, mikono imejaa udongo mpaka kwenye viwiko. Aliinua uso. Alikuwa anatabasamu, tena tabasamu lile zima, lenye pengo la jino, ambalo sikuwa nimeliona tangu kambini.

"Anasema nini huyu muzungu?"

Nilimtazama Bibi, nikamtazama yule mzee. Nilielewa kila neno, sitajitetea kwa hilo. Lakini ningemwambiaje? Aache? Asubiri mwezi mzima, arudi dirishani kutazama magari? Na mimi ni nani wa kumwambia mama yake Baba kwamba anaua mbegu?

"Anasema udongo ni mzuri," nikasema. "Anakupa pole na kazi."

"Aksanti sana, mzee!" Bibi akamwinulia mkono wenye tope.

Nami nikamgeukia Mzee Hendrik nikamwambia kwa Kiingereza kwamba Bibi ameelewa, anajaribu kidogo tu. Yule mzee alitazama matuta sita, akatikisa kichwa tena, akarudi kwenye trekta. Nilijiambia labda mwaka huu baridi haitarudi. Nilimwomba Mungu pia, kwa lugha mbili, asije akakosa kunielewa.

Wiki mbili zikapita na miche ikatoka. Ninyi hamjui furaha. Bibi alikuwa akiamka kabla ya Baba kurudi kutoka kazini, amevaa tayari, ameketi mlangoni na mabuti yake, tena siku za katikati ya wiki ambazo hakuna wa kumpeleka. Alianza kula. Alianza kumgombeza Mama kuhusu chumvi, na Mama akaenda chumbani akalia kwa furaha. Maharage yalikuwa yamebeba maganda yake kichwani, lenga-lenga imejaa tuta zima kwa wekundu na kijani. Na mimi nilianza kuamini kwamba sikusema uongo, nilitangulia ukweli kidogo tu.

Jumamosi iliyofuata tulifika asubuhi kukiwa kweupe. Nyasi zilikuwa nyeupe, paa la banda jeupe, maji ya kuku yameota ngozi ya barafu. Jua lilipanda, ule weupe ukayeyuka, na chini yake kila mche ulikuwa umelala chini, mweusi, umelegea kama mboga iliyotolewa chunguni. Bibi alishika jani moja likamnatia kidoleni.

"Yameiva," akasema.

Alisema hivyo tu. Alisimama, akajifuta mkono kwenye kitenge, akaenda kuketi garini na kufunga mlango. Mzee Hendrik alikuja akasimama na Baba kando ya matuta. Nilingoja aseme. Alinitazama mimi, kwa muda, nami nikatazama mabuti yangu. Kisha akamwambia Baba kwamba hutokea, hata yeye kila mwaka hupoteza kitu, na akamshika bega. Hakunitaja. Hadi leo sijui kama alinionea huruma au alidhani Bibi ni mbishi.

Garini Bibi alisema, "Nimeona jibu." Baba alikuwa mtu wa kushika ahadi, na kushika ahadi kulimuumiza siku zile, maana Jumatatu nilimsikia kwenye simu akiuliza habari za tiketi. Bibi akarudi dirishani. Vijiko viwili, ameshiba. Mimi nililala ubavuni pake nikiwa na jambo hili tumboni kama jiwe. Kila asubuhi nilisema leo nitamwambia, na kila asubuhi nikaona nikimwambia ukweli atajua kwamba sio udongo uliomkataa, ni mimi niliyemponza. Ningempoteza hivyohivyo, tena akiwa ananichukia. Nilikuwa na miaka kumi na nilikuwa mwoga, basi nikanyamaza.

Wiki mbili baadaye tulikwenda shambani bila yeye. Ilikuwa baada ya ile sikukuu, joto limeshika, yale maua ya njano yamefunika nyasi zote na mbu wameanza kutufaidi. Mzee Hendrik alitupa mimi na Bahati kazi kwenye bustani yake ya vitunguu: kung'oa magugu na kuwatupia kuku. Tuling'oa ndoo nzima. Nilipokuwa nawamwagia kuku nikaona gugu moja lina mzizi mwekundu. Jani lake nalo nilikuwa nimelifahamu, kwa sababu nililiangalia likichipua kwenye tuta la Bibi kabla halijafa. Niliwafukuza kuku, nikaokota lililobaki, nikajaza mfuko wa plastiki. Bahati akanishtaki kwa Baba kwamba nawanyang'anya kuku chakula.

Nilimwekea Bibi ule mfuko mapajani. Alitazama ndani bila hamu. Kisha akaingiza mkono. Akavunja bua, akanusa, akatafuna jani bichi palepale.

"Nani alipanda hii?"

"Hakuna mtu, Bibi. Inajiotea. Mzee Hendrik anaing'oa kila siku, haishi. Wanawapa kuku."

"Kuku!"

"Ndiyo. Wanasema ni gugu."

Bibi alicheka. Ilianza polepole tumboni, ikapanda, mpaka akashika ukingo wa dirisha. "Mama yangu we! Lenga-lenga wanawapa kuku, wenyewe wanakula mkate na siagi! Ndiyo maana kuku wao wamenenepa vile!" Alijifuta macho, akaketi kimya akizungusha kile kibua kati ya vidole. Kisha akauliza mabuti yake yako wapi.

Alipanda tena, safari hii zile mbegu za nusu ya pili, na tuling'oa magugu kwa Mzee Hendrik tukala mpaka mwezi wa kumi. Habari ya tiketi haikusikika tena. Tulilima pale miaka sita, Bibi akiongoza, na kila mwaka alipoona mvua ya kwanza alikaa mikono kifuani akingoja sikukuu ya Malkia kama mzungu aliyezaliwa pale. Baadaye Mzee Hendrik alifariki, watoto wake wakauza, na leo ukipita utakuta nyumba kubwakubwa zenye milango ya gereji miwili miwili na nyasi zilizonyolewa. Nimewapeleka wanangu waone. Binti yangu Imani alitazama kulia, akatazama kushoto, akaniuliza kwa Kiingereza kama kuna choo karibu.

Mimi jambo lile sikulisema. Nilimaliza shule, nikaolewa, nikazaa, sikulisema. Miaka michache iliyopita, mwezi wa nne tena, Bibi alilazwa. Daktari alikuwa kijana mpole, akavuta kiti, akanieleza kwa Kiingereza kwamba ugonjwa umeenea, kwamba dawa zilizobaki ni za kumpunguzia maumivu tu, na kwamba majira ya joto huenda asiyamalize. Bibi alikuwa ameegemea mto, mikono juu ya blanketi.

"Anasema nini?"

"Anasema unaendelea vizuri, Bibi. Upumzike, ule vizuri, wataongeza dawa."

Bibi alinitazama hadi nikatazama chini, kama zamani.

"Ule mwaka wa kwanza kule shambani ulinificha baridi," akasema. "Yule muzungu anatikisa kichwa, wewe unaniambia anasifu udongo. Nani anasifu vile?"

"Ulijua?"

"Sikujua baridi. Nilijua ananikataza. Nilitaka kupanda, nikapanda. Mbegu nusu nikaficha."

"Mbona hukunigombeza?"

"Ningekugombeza ungeacha kunisemea. Ningebaki na nani?" Alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu na chepesi. "Ulikuwa mtoto, nikakuachia. Sasa uko mama wa watu. Sema yote."

Nikasema yote. Nilisema neno kwa neno, na sauti iliponikatika alingoja mpaka ikarudi. Nilipomaliza aligeuza kichwa kumtazama daktari, ambaye hakuwa ameelewa kitu na alikuwa ameshika kalamu yake kwa mikono miwili.

"Mwambie aksanti," Bibi akasema. "Na usiongeze kitu."

Siku hizi mambo ni mepesi. Imani ana miaka kumi, umri niliokuwa nao mimi, na hajawahi kumtafsiria mtu hata barua ya matangazo. Kiswahili anakielewa chote, hasa ninapomsema na shangazi yake kwenye simu, lakini jibu lake ni Kiingereza. Wazee wapya wanaokuja kanisani wanashika simu, wanaiongelesha, inawajibu, na haimwonei mtu haya. Ingemwambia Bibi palepale kwamba ataua kila kitu, na pengine mbegu zingepona. Simdharau mwanangu. Namwonea wivu kwamba hajui lile jiwe la tumboni, na kwamba hakuna mkubwa aliyewahi kuning'inia kwenye mdomo wake. Ila ninajua kwamba siku yangu nami itafika, katika mojawapo ya majira haya ya kuchipua, na daktari atavuta kiti aniambie mwenyewe kwa lugha ninayoielewa vizuri mno. Nitasikia kila neno kama lilivyo, na katikati yetu hapatakuwa na mtoto wa kunidanganya kwa kuwa ananipenda.